San Ranieri ya Pisa au San Giovanni ya Firenze: una siku chache tu za Juni, uende wapi?

Mpwa wangu yuko Manchester, kapata likizo ya siku sita mwezi wa sita na kanitumia voisi ya kama dakika nne akiuliza kitu kimoja tu: khalati, nije Pisa au nije Firenze? Manake kaona video za mishumaa, kaona na video za fataki, na kwa macho yake zote ni mto ule ule na usiku ule ule. Mto ni ule ule kweli, Arno, unatoka milimani, unapita Firenze kwanza halafu unateremka mpaka Pisa, na kutoka hapo bahari si mbali. Lakini sherehe si moja, kila mji kati ya hii miwili ya Italia unamsherehekea mtakatifu wake, wala hazikaribiani. Nilianza kumjibu kwa voisi nikaona nitakesha, basi naandika mara moja na mwingine mwenye swali kama lake ajisaidie.

Mi natokea Malindi, Kiitaliano changu nilianza kukiokota hotelini kabla sijajua Italia iko upande gani wa ramani (nyumbani kuna wauza vinyago wanaongea Kiitaliano kushinda Kiingereza, hilo si siri), na sasa nina miaka kadhaa hapa Toscana, mkoa wenye Pisa na Firenze zote mbili. Sherehe ya Pisa nimeenda mara nne, ya Firenze mara tatu. Kwa hivo nina upande wangu na nausema mapema msije mkasema nimewazunguka: mwenye nafasi ya moja tu aende Pisa. Lakini kuna watu ambao nitawaambia wasinisikize, nitawafikia.

Tarehe kwanza, manake hapo ndo wengi wanapigwa chenga. Pisa ni usiku wa 16 Juni, mkesha, ndo wanaita Luminara, halafu 17 Juni ndo siku yenyewe ya San Ranieri, na jioni yake kuna mashindano ya mashua. Firenze ni siku moja tu, 24 Juni, ya San Giovanni Battista, yaani Yohana Mbatizaji, ambaye sisi nyumbani tunamwita Nabii Yahya. Hizi tarehe hazisogezwi zifuate wikendi, iwe Jumatatu au Jumatano ni hapo hapo, na kila mji unapumzika siku ya mtakatifu msimamizi wake huku mji wa jirani watu wako kazini kama kawaida. Kati ya moja na nyingine kuna wiki nzima, ukiwa na siku kumi unapata zote mbili na haya maneno yangu hayakuhusu. Mwenye siku sita ndo anachagua.

Sasa hao watakatifu wenyewe. Yahya hahitaji kujulishwa, dunia nzima inamjua, na Firenze walimpenda mpaka wakamweka kwenye pesa: fiorino, sarafu ya dhahabu walioanza kuipiga 1252, upande mmoja ua la mji, upande wa pili San Giovanni. Ndo wakapata ule msemo wao kwamba San Giovanni hataki udanganyifu, usichezee pesa yenye sura yake. Ranieri ni mtu mwingine kabisa, huyo ni mtoto wa hapo hapo Pisa, karne ya 12, kwao biashara na pesa ipo, kijana wa starehe mpenda muziki, halafu akabadilika, akaenda nchi takatifu akaishi kifukara miaka na miaka, akarudi nyumbani, na watu wakawa wanamfuata awaombee juu ya maji wapone, mpaka akapewa jina Ranieri wa Maji. Kuna kisa chake wazee wa Pisa wanapenda kukisimulia, cha muuza mvinyo aliyekuwa anachanganya na maji, Ranieri akamuonyesha shetani kakaa juu ya pipa kwa umbo la paka. Kwa hivo Firenze wanamsherehekea mkubwa wa wote, Pisa wanamsherehekea mtoto wao wa mtaani, na hiyo tofauti utaiona mpaka kwenye namna watu wanavokaa barabarani usiku huo.

Luminara nitaieleza pole pole manake video zinaiharibu. Siku kadhaa kabla utaona mafundi wanapachika fremu za mbao zilizopakwa rangi nyeupe kwenye nyumba zote za kando ya mto, pande zote mbili, zinafuata umbo la dirisha, la mlango, la upinde, la ukingo wa paa. Wanaziita biancheria, neno la nguo nyeupe za nyumbani, mashuka na vitambaa, na kweli mchana ukiziona ni kama mji umeanika nguo. Jioni ya 16 wanaanza kuwasha. Mshumaa mmoja mmoja ndani ya kikombe kidogo cha kung'aa, hesabu inayotajwa kila mwaka ni kama 70,000. Sabini elfu! Na ni moto wa kweli, si taa za betri. Juni hapa jua linazama kama saa tatu usiku kwa saa yetu, kwa hivo kwa muda mrefu unaona vinukta tu visivyo na maana yoyote na unaanza kujiuliza umefuata nini, halafu kiza kinashuka, taa za barabarani za kando ya mto zinazimwa, na nyumba zinapotea. Yaani ukuta wenyewe huuoni tena, unaona michoro ya moto tu imening'inia hewani, na chini yake mto umeichukua yote kichwa chini. Upepo ukipita kutoka baharini mstari mzima wa jumba unapepesuka kama unapumua. Mimi mara ya kwanza nilinyamaza, na wanaonijua wanajua hiyo si kawaida yangu.

Mishumaa mingine inaachiwa ielee kwenye maji yenyewe, inakwenda taratibu kuelekea baharini. Simama karibu na kale kakanisa ka Santa Maria della Spina, kako kando kabisa ya mto upande wa kusini, kadogo kama kisanduku cha vito, kamechongwa mawe kila mahali. Kalikuwa chini zaidi ya pale, maji yakawa yanakasumbua, mwaka 1871 wakakabomoa jiwe kwa jiwe wakakajenga tena juu kidogo. Na ukipata nguvu ya miguu tembea mpaka kwenye ule Mnara Ulioinama, usiku huo nao wanauwashia taa za mafuta, ni dakika ishirini hivi kutoka mtoni, wengi hawaendi manake hawataki kupoteza nafasi yao ya fataki. Fataki zinakuja saa tano na kitu usiku, nzuri, lakini mimi kwangu ni kelele tu baada ya kile nilichokwisha kuona.

Chanzo chake ni hiki: 25 Machi 1688 mwili wa San Ranieri ulihamishiwa kwenye kaburi jipya ndani ya kanisa kuu, enzi za mtawala Cosimo III wa ukoo wa Medici, na mji ukawashwa taa kwa ajili ya hiyo siku. Ikawa ada.

Tarehe 17 jioni sasa ndo kitu ambacho watalii wengi wanakikosa kwa sababu asubuhi wameshapanda treni na picha zao za mishumaa. Msifanye hivo. Mitaa minne ya kale ya Pisa, Santa Maria, San Francesco, San Martino na Sant'Antonio, kila mmoja unatoa mashua, wapiga makasia wanane, mshika usukani mmoja, na mtu wa kumi ambaye hapigi kasia hata moja, anaitwa montatore, mpandaji. Wanakwenda mita 1,500 wakipanda mto, yaani kinyume cha maji, na mwisho pale kuna chombo kimetia nanga katikati ya mto chenye mlingoti wa mita kumi na kamba zinazoning'inia. Kufika wa kwanza si kushinda! Mashua ikigusa, mpandaji anarukia kamba, anapanda kwa mikono mpaka juu, na anayeng'oa bendera ya bluu ndo mshindi. Nimeona watu wamepiga makasia mpaka shingo zimetoka mishipa, wameongoza njia nzima, halafu jamaa yao anateleza kwenye kamba na mtaa mzima unashika vichwa. Hiyo ya kupanda mlingoti ni ukumbusho wa vita vya baharini vya Lepanto, 1571, walipoparamia jahazi la adui wakateka bendera. Wa pili anapata bendera nyeupe, wa tatu nyekundu, na wa mwisho anapewa jozi ya bata wachanga ili achekwe mwaka mzima. Sisi watu wa pwani tuliokua tunaona jahazi zikishindana Lamu na punda wakikimbizwa wakati wa Maulidi, hapa huhitaji mtu wa kukutafsiria. Dini iko, mzaha uko, mtaa dhidi ya mtaa uko, na bibi mmoja nyuma yangu alikuwa anawatukana wapiga makasia wa mtaa wake mwenyewe kwa majina ya mama zao.

Haya, Firenze.

Firenze siku inaanza asubuhi na maandamano ya watu waliovaa mavazi ya zamani, wanakwenda mpaka Battistero, lile jengo la pembe nane mbele ya kanisa kuu, kupeleka mishumaa kwa mtakatifu. Maridadi, nyoosha shingo upige picha, yamekwisha. Jioni ndo fainali ya calcio storico, mpira wao wa kale, kwenye uwanja wa Santa Croce, na hapa lazima niseme ukweli kwamba Pisa hawana kitu kama hiki. Wanamwaga mchanga uwanja mzima mbele ya kanisa, wanaume 27 kila upande, dakika 50, hakuna kubadilisha mchezaji. Mpira upo lakini mpira ni kisingizio, kuna mieleka, kuna ngumi za wazi, watu wanalaliana mchangani vifua wazi damu zinatoka, na mpira unapita katikati yao kama mtoto aliyepotea sokoni. Timu ni nne: weupe wa Santo Spirito, bluu wa Santa Croce, wekundu wa Santa Maria Novella na kijani wa San Giovanni, nusu fainali zinachezwa siku za kabla kwenye mwezi huo huo. Zawadi kwa asili ni ndama wa Chianina, wale ng'ombe weupe wakubwa wa Toscana. Wanajivunia sana mechi ya Februari 1530, mji ukiwa umezingirwa na majeshi ya mfalme, wao wakatoka wakacheza mpira adui akiwaona, kumuonyesha kwamba hatuna habari na wewe. Kama mtu wako anapenda mieleka au ndondi, basi usimpeleke Pisa akakuone umempeleka kwenye mishumaa, mpeleke Firenze. Ila tiketi zinauzwa na zinakwisha haraka, ukifika hapo siku yenyewe ukidhani utajipenyeza utasikia kelele tu kutoka nje ya ukuta, mimi mwaka wa kwanza ndo nilivosikiliza mechi nzima, na jua la Juni juu ya mawe ya Firenze si mchezo.

Saa nne usiku ndo fataki, wao wanaita fochi, zinarushwa kutoka Piazzale Michelangelo, kile kilima upande wa pili wa mto. Usiende kilimani, nenda chini kwenye mto upande wa kaskazini, Lungarno (ndo wanavoita barabara ya kando ya Arno) delle Grazie au ile ya Zecca Vecchia, au kando ya daraja la Ponte San Niccolò. Zinachukua muda mrefu na ni kubwa kushinda za Pisa, hilo halina ubishi. Zikiakisi kwenye maji na Ponte Vecchio pale pembeni unaelewa kwa nini watu wanakaa chini masaa mawili kusubiri.

Lakini tazama mto unafanya kazi gani. Firenze mto ni kioo, unaangalia fataki juu na nusu yake chini, kisha unarudi kulala. Pisa mto ndo ukumbi: mishumaa iko juu yake, mashua ziko ndani yake, mji umepangwa pande mbili unautazama kama watu wanaotazamana karamuni. Firenze wewe ni mtazamaji, Pisa baada ya saa moja hujui tena we ni mgeni au la, umeshapewa kipande cha cecina, kitafunio chao cha unga wa dengu, na mtu usiyemjua. Hiyo ndo sababu yangu kubwa, zingine zote ni ndogo.

Chakula basi, manake nimeshaitaja cecina. Hiyo ni unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, inamwagwa kwenye sinia pana inaokwa mpaka inakauka juu na kubaki laini ndani, unanyunyizia pilipili manga. Ni kama bajia ya dengu iliyolala bapa, na ni bei ya kawaida kabisa. Firenze jibu lao ni lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe lililochemshwa mpaka likalainika, linakatwa katwa ndani ya mkate uliochovywa kwenye mchuzi wake, na sosi ya kijani. Wapenda matumbo mtalia machozi ya furaha. Hapa Firenze inashinda, mi nawapa haki yao. (Mnaoangalia halali, uliza nyama imetoka wapi kabla, vibanda vingi havitakuwa na jibu mnalolitaka, cecina haina shida hiyo.)

Kulala na kusafiri ndo pahala pesa inapoponyoka. Firenze Juni ni ghali hata bila mtakatifu yeyote, imejaa wageni mwaka mzima na hiyo siku ya 24 imekaa katikati ya msimu. Pisa kwa kawaida watu wanakuja wanapiga picha ya kushika mnara wanaondoka, vyumba si vya kutisha, isipokuwa usiku wa 16. Ukikosa Pisa lala Livorno au Lucca, zote treni fupi tu. Kutoka Firenze ni kama saa moja kwa treni, na kutoka stesheni ya Pisa unanyoosha Corso Italia kwa miguu, dakika kumi na tano hazijafika umeshauona mto. Lakini sikieni, treni ya mwisho. Fataki zinaisha karibu na usiku wa manane, watu maelfu wanageuka wote kwa pamoja kuelekea stesheni moja, na mi mwaka mmoja nilisema ngoja nimalizie gelato yangu, aiskrimu ya hapa. Nikalala kwenye benchi nimekumbatia pochi mpaka alfajiri. Angalia ratiba ya siku hiyo yenyewe, mara nyingi huwa wanaongeza treni, na usiage mto ukiwa na gelato mkononi.

Umati upo kote kote. Pisa barabara za kando ya mto zinafungwa kwa magari, watu wanajaa kuanzia saa moja jioni, na chupa za kioo kwa kawaida haziruhusiwi, beba maji kwenye plastiki. Mwenye mtoto mdogo au mzazi mwenye magoti mabovu mlete tarehe 17 kwenye mashua, pana nafasi, mchana upo, na unaweza kuondoka wakati wowote. Na mbu! Arno ya Juni ni ya kahawia na imelala, mbu wa Pisa hawana malaria lakini roho wanazo mbaya, leta dawa ya kupaka. Tena vaa kitu kisichoshika moto kirahisi, mabuibui ya hariri nyepesi na mishumaa ya dirishani si marafiki.

Kuhusu gharama ya kutazama: Luminara bure, mashua bure, fataki za Firenze bure. Kiti cha calcio storico ndo unalipa.

Mtu ataniuliza Torino je, nao si San Giovanni wao tarehe 24? Ndio, na mto wao ni Po, na usiku wa 23 wanachoma kuni kubwa uwanjani Piazza Castello na umbo la ng'ombe dume juu yake, wanatazama linaangukia upande gani wajue mwaka utakuwa wa heri ama la. Hiyo inanifurahisha sana. Lakini tangu 2018 walipojaribu droni badala ya fataki kumekuwa na ubishi usioisha, na kwa mtu wa siku sita Torino iko mbali na haya mengine. Roma nayo 29 Juni, Petro na Paulo. Nyingine siku nyingine.

Sasa wale wasionisikilize. Kama hujawahi kufika Firenze kabisa na huna uhakika utarudi Ulaya tena, nenda Firenze, usije ukakaa Pisa siku mbili kwa sababu yangu halafu ukaniambia miaka kumi baadaye kwamba hukuona Uffizi, makumbusho yao makubwa ya sanaa. Kama unatoka nyumbani kwa viza ya Schengen, ujue maombi yanakubaliwa mpaka miezi sita kabla ya safari, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na majibu kwa kawaida ndani ya siku 15 lakini weka nafasi ya kuchelewa. Ukilipa zote hizo basi panga siku kumi upate zote mbili, hakuna haja ya kuchagua. Tena ukiweza kubaki mpaka Jumamosi ya mwisho ya Juni utaona Gioco del Ponte hapo hapo Pisa, upande wa kaskazini na upande wa kusini wa mto wanasukumana gari zito la tani kama saba juu ya daraja la Ponte di Mezzo, vidume ishirini kila upande, mgongo kwa chuma. Hiyo peke yake inahitaji maandishi yake.

Na kuna ile ya ushindani wao ambayo usiku huo utaisikia kila baa: mtu wa Pisa atakuambia Galileo alizaliwa kwetu, mtu wa Firenze atakuambia ndio lakini kazikwa kwetu, Santa Croce, pale pale wanapopigania mpira. Usiingie kati. Kunywa maji yako.

Mpwa wangu nimeshamjibu kwa kifupi, kachukua ndege ya kutua Pisa tarehe 15 na kuondoka 21. Firenze ataiona kwa siku moja katikati, bila San Giovanni. Kaniuliza kama inafaa kuvaa viatu vya visigino kwenye mkesha, nimemwambia aangalie picha ya mawe ya Lungarno halafu anijibu mwenyewe.